UZI: Bata wa pete Marekani na Kanada – kuwapata, kuisoma namba, kuiripoti

MzeeWaVinamasi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Msimu wa bata ukikaribia huku Amerika Kaskazini maswali ya pete yanarudi yale yale, na majibu yake yametawanyika: mengine kwenye nyuzi za bunduki, mengine za mbwa, mengine za mapishi. Hapa tuyaweke pamoja. Wenye ujuzi wataongeza na kusahihisha.

Tuanze na kitu chenyewe. Pete ni utepe wa alumini uliokunjwa kuwa duara na kufungwa kwenye ile sehemu ya mguu isiyo na manyoya, juu ya kanyagio. Ukiishika kwa vidole utaona ncha zake mbili zinakutana bila kupandana. Ikifungwa vizuri hata ukucha haupiti kwenye maungio, na inazunguka mguuni bila kubana wala kuvuka kifundo. Nje imechongwa namba yenye tarakimu 8 au 9. Zimegawanyika mafungu mawili: 3 au 4 za mwanzo, kisha 5. Mara nyingi tarakimu ya mwisho ya fungu la kwanza inafuata saizi ya pete. Bata wa kichwa cha kijani, yule anayeitwa mallard, huvaa saizi 7A na fungu lake huishia na 7. Bata bukini wa Kanada huvaa 8, bata-miti huvaa 6. Ukiona fungu linaishia na 8 kwenye mguu wa bata mdogo, soma tena. Huenda umekosea tarakimu.

Uvishaji wa pete wa kisayansi alianza nao Mdenmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899 kwa kwenzi. Marekani alifuata Paul Bartsch mwaka 1902. Upande wa bata jina la kukumbuka ni Jack Miner wa Kingsville, Ontario. Agosti 1909 alimvisha bata pete aliyoitengeneza kwa mkono, na Januari 1910 bata huyo akapigwa Anderson, South Carolina. Kuanzia 1920 serikali ya Marekani ina ofisi moja inayotoa pete zote na kutunza kumbukumbu zake, Bird Banding Laboratory (maabara ya pete), iliyopo Laurel, Maryland, nayo hufanya kazi na ofisi pacha ya Kanada. Kwa wastani ndege zaidi ya milioni moja huvishwa pete kila mwaka, wa aina zote, wengi wao si bata kabisa.

Kwa nini mwindaji aliyebeba bata 6 halali begani husahau watano na kuzungumzia mmoja mwenye pete? Kwa sababu yule mmoja ana wasifu. Nyama ya bata wote ni sawa, lakini huyu utaambiwa alishikwa kijiji gani, mwaka gani, akiwa kinda au mkubwa, dume au jike. Unapata kujua kwamba upepo wa kaskazini ulioingia usiku wa jana umemleta kutoka Saskatchewan, au kwamba hajatoka popote, alizaliwa bwawa la pili kutoka ulipojificha.

Neno langu ni hili, na ndilo lililonifanya nifungue uzi: thamani imo kwenye namba, bati ni la kuihifadhi tu. Pete iliyoning'inia kwenye kamba ya filimbi ya kuitia bata bila kuripotiwa ni kipande cha alumini.

Karibuni.

---

Kichwa_Kijani

Mkuu, uzi umekaa vizuri. Niongeze pale wengi wanapokosea: wanadhani pete ni bahati tupu. Bahati ipo, lakini inafuata ramani na kalenda.

Bata bukini wa Kanada hushikwa Juni hadi mwanzo wa Julai. Wakati huo manyoya marefu ya mabawa yamepukutika na hawawezi kuruka. Wataalamu huwazungusha kwa mitumbwi na kwa miguu, wakawasukuma ndani ya zizi la wavu, familia nzima kwa mara moja. Wengi wa hawa ni bukini wa mijini, wa viwanja vya gofu na mabwawa ya viwandani, na hawahami mbali. Basi msimu wa mapema wa bukini, Septemba, kabla wageni wa kaskazini hawajashuka, ndio wenye nafasi kubwa zaidi. Na kwa kuwa pete hufungwa kwa mfuatano, kundi moja likishuka kwako unaweza kupata namba mbili au tatu zinazofuatana. Hao ni ndugu, au walau walikuwa zizi moja.

Bata wadogo kazi yao ni Julai hadi Septemba. Hutumika mitego ya waya yenye mlango wa faneli iliyomwagiwa mahindi, au nyavu zinazorushwa kwa roketi juu ya ndege wanaokula. Sehemu nyingine hutumia boti ya feni usiku, taa kali na wavu wa mkono. Bata waliovishwa Agosti huanza kuonekana kwenye mifuko ya wawindaji wiki za kwanza za msimu, hapo hapo jirani, kisha wanatawanyika kusini.

Onyo: msijaribu kuwinda karibu na mtego wa kuvishia pete. Mahindi yale kisheria ni chambo, na eneo lenye chambo haliwindwi hadi zipite siku 10 tangu punje ya mwisho iondolewe. "Sikujua" haikuokoi kama ulikuwa na njia ya kujua.

---

Dada_Mpingo

Nashukuru kwa darasa. Maswali mawili. Kwanza, vibali kwa mgeni anayeanza, kwa mfano aliyeko Minnesota. Pili, mwindaji anaweza kuiona pete bata akiwa bado hewani?

---

MzeeWaVinamasi

Dada Mpingo, vibali kwa ufupi. Leseni ya jimbo ya ndege wadogo. Cheti cha mafunzo ya usalama wa bunduki (Minnesota wanakidai kwa kila aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979). Stempu ya bata ya jimbo pale inapotakiwa. Usajili wa HIP, ule unaoulizwa maswali mafupi kuhusu ulichowinda mwaka uliopita. Kisha stempu ya shirikisho kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea, dola 25. Ukiwa na ile ya karatasi, saini yako iwe kwa wino juu ya uso wa stempu. Isiyo na saini ni kama huna.

Ukiwa kwenye viza ya muda badala ya ukaazi wa kudumu, kumiliki bunduki kuna sheria yake ya shirikisho. Muulize mwanasheria kabla hujagusa silaha, usitegemee maneno ya dukani.

Mengine ya kushika kichwani: shotigani isizidi geji 10 (namba ikishuka mtutu unakuwa mpana zaidi), iwe na kizuizi kinachoifanya ibebe risasi 3 tu kwa jumla, filimbi ya umeme haitumiki kwa bata, na saa za kuwinda ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi linapozama. Idadi kwa siku inabadilika kila mwaka na kila aina ya bata ina kikomo chake. Soma kijitabu cha mwaka huo, cha mwaka jana hakikusaidii.

La pili namwachia Kichwa_Kijani.

---

Kichwa_Kijani

Dada, kuiona inawezekana. Bata akitua hushusha miguu, na kwenye mita 15 hadi 20 jua likiwa nyuma yako pete hung'aa kama jicho la samaki. Lakini kuitafuta pete kabla ya kupiga ndilo kosa linaloharibu zaidi uwindaji huu.

Mwindaji anayetazama miguu hatazami kichwa. Mtutu hufuata macho, kwa hiyo marisau yanamfikia bata nyuma na chini, tumboni na mapajani. Bata huyo hafi pale, anateleza hewani mita 300 na kuangukia kwenye matete, na pete yako imepotea pamoja naye. Halafu kuna wanaofyatua umbali wa mita 55 au 60 kwa sababu "nimeona kitu kinang'aa". Mara nyingi ni tone la maji. Kuna pia kosa la kutotambua aina: jicho likiwa mguuni unampiga jike ambaye kikomo chake umeshakifikisha. Pete haimtoi kwenye hesabu. Bata wa pete ni bata kama wengine.

Chagua ndege kwa kichwa na kifua, piga, mwokote. Pete ikiwepo utaikuta mkononi.

Upande wa risasi: marisau ya risasi yenyewe, yaani ya madini ya risasi, yamepigwa marufuku kwa bata Marekani nzima tangu msimu wa 1991. Yanayotumika zaidi ni ya chuma. Chuma ni chepesi (uzito wake kwa ujazo ni kama 7.8, risasi ni 11.3), kwa hiyo hupoteza kasi haraka na inabidi upande saizi mbili (namba ikishuka, punje inakuwa kubwa). Aliyezoea namba 4 ya risasi achukue namba 2 ya chuma. Kwa geji 12 yenye ganda la inchi 3, gramu 35 za namba 2 zina punje kama 156. Bukini anataka BB, saizi ya punje kubwa zaidi, na humo punje zinabaki kama 90 tu.

Kabla ya msimu tundika karatasi pana umbali wa mita 32, piga, kisha chora duara la sentimita 75 pale punje zilipojazana. Kwa bata mkubwa tafuta punje 85 hadi 90 ndani ya duara. Zikipungua, badilisha choki (kibano cha mdomo wa mtutu) au aina ya risasi, usibadilishe umbali. Na usifunge choki ya kubana kabisa na chuma kikubwa. Chuma hakibonyei kama risasi, kinaweza kutanua mdomo wa mtutu, na mara nyingi hata mtawanyiko wenyewe unaharibika.

---

Fundi_Filimbi

Niongeze mpangilio wa bata bandia, wale sanamu wa kuwavutia bata wa kweli, maana umbali ndio kila kitu. Bata wa kawaida hutua akielekea upepo. Kaa upepo ukikupiga mgongoni, panga bandia 24 hadi 36 mbele yako kwa umbo la U, mdomo wa U ukitazama kule upepo unakoelekea. Katikati acha kiwanja wazi cha mita 10 hadi 12. Bandia wa mwisho asizidi mita 32 kutoka ulipokaa, huyo ndiye kipimo chako: aliye nje yake hapigwi.

Bata wakizunguka mara tatu na kuondoka, kagua haya kabla ya kulaumu filimbi: uso wako unaong'aa, maganda ya risasi yaliyotapakaa, barafu iliyoganda juu ya bandia, na kamba ya nanga inayoonekana kwenye maji ya kina kifupi. Filimbi nayo watu wanaipuliza kupita kiasi. Bata wakikuonyesha mikia, waite. Wakikutazama, nyamaza.

---

Mwana_Takwimu

Wakuu, naomba niingie kwenye hoja ya mleta uzi kwamba thamani imo kwenye namba, kwa sababu ina hesabu yake na ni nzuri kuijua.

Chukua mfano wa tarakimu tu. Agosti wamevishwa pete bata 1,000. Msimu unapita, zinaripotiwa pete 80. Tunajua kutokana na tafiti nyingine kwamba kati ya pete 10 zinazopatikana huripotiwa 8. Basi waliopigwa ni 100, sawa na asilimia 10 ya waliovishwa. Sasa, ule usajili wa HIP pamoja na mabawa ambayo wawindaji waliochaguliwa hutuma kwa posta hutoa makadirio ya jumla ya bata waliopigwa. Tuseme ni 500,000. Kama 500,000 ni asilimia 10, bata wote walikuwa milioni 5. Njia hii ni ya Frederick Lincoln, na ilichapishwa mwaka 1930. Ni huyo huyo aliyetumia marejesho ya pete kuchora njia nne kuu za uhamaji: Atlantiki, Mississippi, Kati na Pasifiki. Hadi leo misimu hupangwa kwa njia hizo.

Tazama kinachotokea watu wakiacha kuripoti bila wataalamu kujua. Badala ya 80 zinakuja 40. Hesabu ile ile inasema waliopigwa ni asilimia 5, na bata wote ni milioni 10. Kwenye karatasi wameongezeka maradufu, bwawani hakuna kilichobadilika. Ukipanga siku na idadi kwa karatasi hiyo, unaruhusu kuua kupita kiasi.

Ndiyo maana kuna pete za zawadi. Bata wachache huvishwa ya pili, mguu mwingine, imeandikwa REWARD na kiasi cha dola. Ikiwa dola 100 huchukuliwa kwamba karibu kila aliyeipata ataripoti, kisha wanalinganisha na pete za kawaida ili kujua kiwango cha kuripoti. Wakati wa pete zilizotaka uandike barua, kiwango kwa kichwa-kijani kilikuwa kama theluthi moja tu. Ilipowekwa namba ya simu ya bure na baadaye tovuti, kikapanda kupita asilimia 70. Bata wale wale, wawindaji wale wale. Kilichobadilika ni urahisi wa kuripoti.

---

Bwawa_La_Tano

Asante Mwana_Takwimu, sasa nimeelewa kwa nini wanasisitiza. Tuelekezane hatua basi. Bata yupo mkononi, ana pete. Nifanye nini kwanza?

---

MzeeWaVinamasi

Kwanza usiitoe. Piga picha bata mzima, upande wa mgongo na upande wa tumbo na bawa likiwa wazi, ili aina na jinsia zibaki na ushahidi. Kisha zungusha pete taratibu upige picha 4, kila robo ya duara. Namba imezunguka, picha moja haiioni yote.

Andika palepale: tarehe, mahali (simu ikupe latitudo na longitudo, ikishindikana, mji wa karibu na umbali wake), aina ya ndege, na jinsi alivyopatikana, kwa kupigwa, kuokotwa mfu au kunaswa. Ukisubiri jioni utaandika bwawa lisilo lenyewe.

Kuripoti ni kwenye reportband.gov. Zipo pete za zamani zenye namba ya simu ya 1-800. Simu hiyo ilifungwa mwaka 2017, msihangaike nayo, zote sasa zinaingia tovuti hiyo hata zile zilizoandikwa AVISE BIRD BAND WASH DC. Hawadai pesa wala hawaichukui pete. Baadaye unatumiwa cheti kwa barua pepe.

Kuitoa: tumia plaizi ile inayotanuka ukiibana, ya mafundi magari wanaotolea klipu za duara. Ingiza ncha ndani ya pete pembeni mwa maungio na ufungue taratibu. Usiivute juu ya kanyagio na usiinyooshe kwa nyundo; alumini iliyochoka hupasuka pale ilipokunjwa. Wengine wanaona rahisi zaidi kukata mguu juu ya pete na kuitelezesha. Hakuna ubaya, mradi picha zimeshapigwa, na mradi unaposafirisha bata bado ana bawa moja lenye manyoya yote au kichwa, maana sheria ya utambuzi inataka hivyo.

Bata akiwa amevishwa kifaa cha redio au GPS, hicho si chako. Kina mmiliki, kirudishe, data yake bado imo ndani.

---

Dada_Mpingo

Na cheti kinasomwaje? Nimeona kimoja kimeandikwa alizaliwa "2016 au kabla".

---

Mwana_Takwimu

Hapo watu wengi wanapasoma vibaya. Umri siku ya kuvishwa huwekwa kwa mafungu. Kinda asiyeweza kuruka, au aliyezaliwa mwaka huo huo, mwaka wake unajulikana kwa hakika. Mkubwa aliyeshikwa Agosti 2017 hujulikana tu kwamba hakuzaliwa 2017, ndiyo maana ya "2016 au kabla". Anaweza kuwa wa 2016, anaweza kuwa wa 2009. Kwa hiyo umri unaousoma kwa ndege wa namna hiyo ni wa chini kabisa, haukadirii juu.

Ukitaka kujua umri unaweza kufika wapi: kichwa-kijani dume aliyevishwa pete Louisiana mwaka 1981 alipigwa Arkansas mwaka 2008, akiwa na angalau miaka 27 na miezi 7. Wengi hawafiki mbali hivyo, mwaka wa kwanza ndio unaowamaliza.

Kitu kingine: mstari kati ya pointi mbili kwenye ramani ya cheti si njia aliyopita. Ni pointi mbili tu. Bata aliyevishwa Manitoba akapigwa maili 20 kutoka pale miaka 6 baadaye huenda ameshakwenda Ghuba ya Mexico na kurudi mara kadhaa.

---

Fundi_Filimbi

Pete zilizosagika je? Bukini mzee mara nyingi pete yake imekuwa nyembamba kama karatasi.

---

MzeeWaVinamasi

Alumini huliwa na mchanga na maji ya chumvi, ndiyo maana ndege wa baharini wanaoishi miaka mingi huvishwa metali ngumu zaidi. Kwa pete iliyosagika: osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini. Msasa na brashi ya waya ni mwiko, vinamalizia kilichobaki. Giza chumba, weka tochi ubavuni kabisa ili mwanga ulale juu ya uso wa pete, uzungushe. Mfereji wa tarakimu utatoa kivuli. Njia ya pili, funika kwa karatasi nyembamba na usugue kwa ubavu wa penseli.

Ikigoma, acha kubahatisha. 3 na 8, 1 na 7, 5 na 6 ndizo zinazochanganywa, na namba iliyokosewa ni mbaya kuliko isiyoripotiwa, kwa sababu inaingia kwenye wasifu wa ndege mwingine. Waandikie maabara, wao wana njia ya kemikali ya kuiamsha namba, kisha wanakurudishia pete yako.

---

Kichwa_Kijani

Vilevile tutofautishe alama. Pete isiyo na maungio, duara kamili, si ya maabara: hiyo huvishwa kinda wa kufugwa, kama njiwa wa mashindano. Kichwa-kijani asiye na kidole cha nyuma mguu wa kulia ni wa kufugwa pia, sheria inataka waliofugwa watiwe alama na hiyo ni mojawapo. Pete yenye aya ya Biblia na jina la Jack Miner hiyo huripotiwa kwa taasisi yake Kingsville, kule Laurel hawana kumbukumbu zake. Wakusanyaji wanaitamani sana hiyo.

Na msinunue pete mitandaoni. Namba isiyo na ndege wako haikwambii kitu.

---

Ustadh_Nairobi_Mpaka_Columbus

Assalaam alaykum. Kwa Waislamu wanaofuatilia: bismillahi isemwe wakati wa kufyatua. Bata akiokotwa yu hai na uhai uliotulia, achinjwe. Kisu kiwe mkandani, si garini. Uzito upo kwa anayeangukia majini. Katika Hadithi ya Adiy bin Hatim, windo ulilolikuta limezama majini usilile, kwa sababu hujui kilichomuua ni maji au ni silaha yako. Kwa hiyo mwenye kutaka kujiondoa kwenye shaka awinde mashamba ya mahindi yaliyovunwa, nchi kavu, ambako bata na bukini huja kula asubuhi na jioni. Huko anaanguka mbele yako na unamfikia haraka. Tena sheria ya nchi inakataza kumwacha windo apotee bure, kwa hiyo usijiingize mahali utakapompiga kisha ushindwe kumla.

---

Kichwa_Kijani

Ahsante Ustadh, na shamba kavu lina faida nyingine: majeruhi hapotei kirahisi. Kuanzia 2022 mafua ya ndege ya H5N1 yameenea sana kwa ndege wa porini huku. Vaa glavu ukichuna, usile wala usivute sigara wakati huo, usimguse ndege aliyeokotwa mgonjwa, na nyama ifike nyuzi 74 za Selsiasi ndani. Pete iliyotoka kwa ndege aliyekutwa mfu nayo ioshwe kabla ya kuwapa watoto kuichezea.

---

Mvuvi_wa_Ziwa

Wakuu, nawafuatilia kutoka Mwanza. Huku nako ndege wa pete wapo? Kuna kijana hapa mwaloni ana pete aliyoitoa kwa ndege mfu, imeandikwa MOSKWA.

---

MzeeWaVinamasi

Wapo, ndugu yangu. Bata mdogo mwenye nyusi nyeupe, Spatula querquedula, huzaliana Urusi na nchi jirani, kisha hushuka Afrika Mashariki kukwepa baridi. Korongo weupe wa Ulaya Mashariki hupita Sudan hadi Tanzania na kuendelea kusini. Kenya nayo ina kituo cha kuvisha pete Ngulia, Tsavo Magharibi, kilichoanza 1969. Huko ndege wadogo wahamaji hunaswa kwenye nyavu usiku wa ukungu, Novemba na Desemba.

Kwa pete za huku tazama maandishi: MOSKWA ni Urusi, HELSINKI ni Finland, STAVANGER ni Norwei, RIKSMUSEUM STOCKHOLM ni Uswidi, RADOLFZELL, HIDDENSEE na HELGOLAND ni Ujerumani. Za Uingereza huandikwa British Museum au anwani ya ring.ac. ZOO PRETORIA ni Afrika Kusini. Zote za Ulaya unaweza kuzifikisha kupitia tovuti ya EURING, ina orodha ya vituo vyote.

Tafadhali mwambie kijana asiende kumwinda mwingine kwa ajili ya pete. Kenya ilifunga uwindaji tangu 1977, na Tanzania bila leseni chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ni kosa. Aliyeokotwa mfu inatosha kuripoti.

---

Mvuvi_wa_Ziwa

Nimemwelewesha. Amenisomea: herufi moja, kisha tarakimu. Anasema herufi si muhimu, atume tarakimu tu?

---

Mwana_Takwimu

Hapana, mkuu, herufi ni sehemu ya namba. Tarakimu zile zile zinaweza kuwepo chini ya herufi nyingine, kwenye mguu wa ndege mwingine kabisa. Aandike herufi, tarakimu zote, na neno MOSKWA kama lilivyochongwa. Kama kuna duara asilolijua ni herufi O au sifuri, aseme hivyo hivyo na aambatanishe picha 4 za kuzunguka pete. Aongeze tarehe aliyomwokota, jina la mwalo, na kama alikuwa amekufa siku hiyo au ameshaoza, kwa sababu wanatofautisha tarehe ya kifo na tarehe ya kuokotwa. Kama hakumjua ndege ni wa aina gani aandike hamjui, wao wanayo kwenye kumbukumbu ya siku aliyovishwa.